Chuma na Kalulu: watoto wawili wenye akili waliopita Kabambare

Kasongo. – Kila mwaka matokeo ya mwisho wa masomo ya msingi yanapotoka, kuna nyumba huku kwetu ambamo furaha inachanganyika na mashaka. Mtoto amepita wenzake wote. Aliruka kalasi moja, anasoma Kifaransa kama mwalimu wake, na sasa mjomba wa Kindu au baba mdogo wa Bukavu ametuma neno: mleteni huku asome. Baba anauza mbuzi, mama anafunga mfuko, na mtoto wa miaka 11 anapandishwa kwenye moto katikati ya mzigo wa mchele na bidoni ya mafuta. Wote wanaulizana juu ya makuta ya shule na njia mbaya. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: huko anakoenda, atacheza na nani?

Swali hilo lina historia hapa hapa kwetu. Watoto wawili wenye akili nyingi walikanyaga udongo wa Kabambare kabla Mbelgiji hajafika: mmoja kati ya 1869 na 1871, mwingine mwaka 1876. Wa kwanza aliitwa Chuma, wa pili Kalulu. Wote wawili walitoka katika utumwa. Wote wawili walivushwa bahari, wakatiwa shuleni, wakajua Kiingereza, wakarudi Afrika nyuma ya Mzungu msafiri. Mmoja akawa kiongozi wa misafara mwenye jina pwani nzima. Mwingine alikimbia, akakamatwa, akafa maji akiwa kijana bado. Nimesoma habari zao mara nyingi, na kila mara naona kilichowatenganisha ni watu waliokuwa nao kando yao.

Tuanze na Chuma. Yeye alikuwa Myao, mtoto wa upande wa kusini mwa ziwa Nyasa, nchi ambayo leo ni Malawi. Mwezi wa Julai 1861 alikuwa katika kundi la watumwa waliofungwa miti shingoni wakipelekwa sokoni. David Livingstone na wamisionari Waingereza waliokuwa na askofu Mackenzie walikutana na kundi hilo njiani, wakakata miti ile na kuwaachilia watu 84. Chuma alikuwa na miaka kama 11. Katika kundi hilo hilo alikuwamo mtoto mwingine wa Kiyao wa umri wake, jina lake Wikatani. Wote wawili walikaa Magomero, kwenye misioni mpya, chini ya uangalizi wa kijana Mwingereza aliyeitwa Horace Waller. Lishike jina la Waller, tutalikuta tena.

Misioni ya Magomero haikudumu. Askofu alikufa kwa homa mwezi wa Januari 1862, njaa na vita vikafuata, wamisionari wakahama. Mwaka 1864 Livingstone akaondoka na meli yake ndogo, Lady Nyassa, akavuka kutoka Zanzibar mpaka Bombay, safari ya siku 45 hivi. Ndani ya meli walikuwamo Chuma na Wikatani. Walikuwamo pia watu wazima wawili wa Shupanga, kwenye mto Zambezi: Susi na Amoda. Walipofika Bombay, watoto waliwekwa katika shule ya mmisionari Mskoti, Dr. John Wilson. Susi na Amoda wakaachwa wafanye kazi bandarini. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo kulikuwa na njia mbili: watoto wenye akili kwenye daftari, watu wa nguvu kwenye mizigo. Hata leo tunagawanya hivyo hivyo, na tunaona ni jambo la kawaida.

Shuleni Chuma na Wikatani walikaa mwaka mmoja na zaidi kidogo. Walijifunza kusoma na kuandika, walijifunza Kiingereza, wakabatizwa mwaka 1865. Hesabu hiyo ni ya kustaajabisha ukiifikiria polepole. Mtoto aliyefungwa mti shingoni akiwa na miaka 11, asiyejua hata neno moja la lugha ya Wazungu, akiwa na miaka 15 anaweza kusimama kati ya mfalme wa Kiyao na Mwingereza akatafsiri pande zote mbili. Lakini tusisahau jambo hili: walijifunza wakiwa wawili. Jioni, baada ya masomo, kulikuwa na mtu mmoja katika mji wote wa Bombay ambaye Chuma angeweza kumwambia Kiyao kile kilichomchekesha mchana.

Mwaka 1866 Livingstone alirudi Afrika kutafuta chanzo cha mto Nile. Kutoka Bombay na visiwani alikusanya watu 36: askari Wahindi 13, watu wa kisiwa cha Johanna 10, vijana 9 wa shule ya Nasik, Susi na Amoda wa Shupanga, na Wayao wawili, yaani Chuma na Wikatani. Vijana wa Nasik walikuwa Waafrika waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa na kupelekwa India, kwenye shule ya wamisionari huko Sharanpur karibu na mji wa Nasik. Walifundishwa ufundi wa mbao, uhunzi, kusoma na kuandika. Kwa karatasi, huo ulikuwa msafara wenye vijana wasomi. Mtu angetazamia Chuma apate rafiki zake kati ya hao tisa: umri wao ulikaribiana na wake, walipita shule kama yeye, waliteswa kama yeye, walijua Kiingereza kama yeye.

Kabla ya kufika kwenye jambo hilo, Wikatani aliondoka. Mwezi wa Septemba 1866, msafara ulipofika kusini mwa ziwa Nyasa, alikutana na ndugu yake wa damu, akasikia kwamba ana kaka na dada wengine wanaoishi karibu. Livingstone alimwuliza kama anataka kubaki. Akajibu palepale: ndiyo. Livingstone aliandika kwamba kijana huyo alikuwa mwepesi mno wa kucheka na mchezo, akatumaini ndoa ingemtuliza. Alimpa karatasi za kuandikia barua, akaagana naye kwa huzuni. Kwa habari ya Livingstone mwenyewe, Wikatani aliwahi kuuzwa na baba yake mzazi. Na bado alirudi nyumbani.

Chuma aliendelea na safari. Siku zile zile, Livingstone anaandika neno moja ambalo limenigusa kuliko mengine yote katika kitabu chake. Chuma, ambaye kweli alitiwa utumwani na Wayao wenzake, alikuwa akishikilia kwamba waliomkamata ni Wamang'anja, na kwamba hakuna Myao hata mmoja awezaye kumwuza mtoto wake. Livingstone alimkumbusha mifano, hata ya Wikatani. Chuma akakataa yote. Livingstone aliona huo ni ukaidi wa kijana. Mimi naona mtoto mwenye akili sana aliyejua vizuri sana maana ya kuuzwa na watu wake, na aliyechagua kuwa na watu kuliko kuwa na ukweli huo. Rafiki yake wa miaka mitano alikuwa anaondoka kurudi kwa ndugu. Yeye alibaki na jina la kabila tu, na hilo hakukubali kuporwa.

Tukaja Maniema. Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, tarehe 21 Septemba 1869. Alikuta mfalme Moenekuss amekwisha kufa na wanawe wamechukua nafasi yake. Alikuja pamoja na Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pwani aliyemtunza vizuri alipokuwa mgonjwa. Mwaka uliofuata ulikuwa wa matope, homa na kugombana. Askari Wahindi walikuwa wamekwisha kurudi zamani, watu wa Johanna walikimbia tangu 1866, na vijana wa Nasik walianza kumwacha mmoja mmoja. Mwezi wa Juni 1870, alipojaribu kutoka Bambarre kuelekea Lualaba, alibaki na watu watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Gardner alikuwa mmoja wa wale tisa wa Nasik. Wengine walisema hapana.

Mwezi wa Julai 1870 akarudi Bambarre na vidonda vya miguu visivyopona. Alikaa ndani ya nyumba siku 80 bila kutoka, mpaka tarehe 10 Oktoba. Fikiria Kabambare ya wakati ule: mvua, wafanyabiashara wanaotoka kutafuta pembe na kurudi na habari za damu, Mzungu mgonjwa anayesoma Biblia tangu mwanzo mpaka mwisho na kuanza tena, na nje ya nyumba ile vijana watatu wasio na kazi kubwa, wasio na mshahara mkononi, mbali na kila mtu waliyemjua. Hapo ndipo urafiki wa Chuma na Susi ulipoiva. Tangu hapo majina yao mawili huandikwa pamoja kana kwamba ni jina moja.

Susi hakupita shuleni. Alikuwa amemzidi Chuma umri, mtu wa kamba, mbao na bandari. Kijana msomi wa Bombay hakumshika mwenzake wa kalasi. Alimshika mkubwa ambaye angeweza kumwongoza, kumgombeza, na kucheka naye. Wale vijana wa Nasik walikuwa kundi, ndiyo, lakini walikuja wakiwa wamekwisha kufunga urafiki wao kwa wao, na kundi lao lilipovunjika Maniema, kila mmoja alibaki na bahati yake. Mmoja wao, James, aliuawa kwa mshale karibu na Bambarre mwezi wa Februari 1871, alipokuwa ametoka na wenzake kwenda kununua chakula. Mwuaji alikuwa amejificha msituni. Wakaaji wa huku walikuwa wameonewa sana na misafara ya pembe, na mtu aliyekuja pamoja na misafara hiyo hakuulizwa kama yeye ni mwema au mbaya.

Watu wa elimu ya nafsi wameandika baadaye juu ya jambo hili la watoto wenye akili na umri wa marafiki zao. Leta Hollingworth, mwanamke Mmarekani aliyefariki mwaka 1939, aliwafuata kwa miaka mingi watoto wenye akili zisizo za kawaida mjini New York. Kitabu chake juu yao kilitoka 1942. Aliona kwamba mtoto anayewazidi wenzake kwa kiasi hupata marafiki kwa urahisi, na mara nyingi huwa kiongozi wao. Yule anayewazidi mno ndiye hubaki peke yake. Michezo anayotaka yeye, wenzake wa umri hawaielewi; na wakubwa wanaoielewa hawataki kucheza na kadogo. Ndiyo maana watoto hao hutafuta wakubwa. Tunawaona hata hapa Kasongo, wakikaa barazani na wazee wanaocheza bao, na mama anaita: toka hapo, nenda ukacheze na watoto wenzako! Wakati mwingine mama ana haki. Wakati mwingine mzee yule wa bao ndiye Susi wa mtoto wake.

Bambarre ndipo mahali pia ambapo Livingstone aliandika juu ya ugonjwa aliouita wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hii: kuvunjika moyo. Mwezi wa Desemba 1870 alieleza jinsi watu huru waliokamatwa na kufanywa watumwa, wenye afya, wasio na kidonda, walivyokufa baada ya kuvushwa Lualaba, wakionyesha tu kwamba moyo unauma. Katika kitabu kilichochapwa 1874 kuna maelezo yaliyoongezwa juu ya watoto. Watoto waliweza kuvumilia mwendo kuliko ilivyodhaniwa, wakifuata minyororo ya wakubwa. Lakini msafara ukipita karibu na kijiji, wakasikia ngoma na watu wanacheza, basi. Kumbukumbu ya nyumbani iliwashinda, walilia kwa kwikwi, na baada ya muda mfupi walikufa. Maelezo hayo yalitiwa humo na Horace Waller, yule wa Magomero, na walioketi naye Uingereza kumfafanulia daftari za marehemu walikuwa Chuma na Susi. Mtu aliyejua sauti ile ya ngoma alikuwa ndani ya chumba.

Waller alikuwa amepata neno la Bambarre hata kabla ya hapo. Tarehe 5 Februari 1871 Livingstone alimwandikia barua kutoka hapa kwetu. Barua hiyo imehifadhiwa na wataalamu wameweza kuisoma upya kwa vyombo vya kisasa. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Katika miezi iliyofuata aliandika habari zake juu ya kurasa za gazeti la zamani kwa wino wa zingifuri, mti ambao mbegu zake nyekundu zinajulikana na kila mama wa huku. Tarehe 16 Februari waliondoka Bambarre kwenda Nyangwe, na mwisho wa Machi wakafika.

Habari nyingine ya Chuma inachekesha, na ni lazima niitie, maana mtu mwenye akili si malaika. Mwaka 1872, huko Unyanyembe karibu na Tabora ya leo, katika msafara alikuwamo mwanamke mzuri aliyeitwa Ntaoeka. Livingstone hakupenda mwanamke huyo akae bila mume kati ya vijana, akamwambia achague mmoja wa watatu: Chuma, Gardner au Mabruki. Ntaoeka alitabasamu tu. Livingstone aliandika kwamba Chuma ni mvivu mno kuweza kupata mke. Chuma akajibu kwamba kweli alikuwa mvivu, kwa sababu hakuwa na mke! Akaahidi kubadilika, na Ntaoeka akamkubali. Walimu wa Kasongo watamtambua: kijana anayemaliza kazi ya saa moja kwa dakika kumi, kisha analala, na ana jibu kwa kila lawama.

Sasa Kalulu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unyanyembe akimtafuta Livingstone. Mfanyabiashara Mwarabu alimpa zawadi ya mtoto mtumwa. Mtoto huyo aliitwa Ndugu Mhali. Stanley hakupenda jina hilo, akawauliza watu wake wapendekeze lingine, na mmoja akasema aitwe Kalulu, kwa sababu ya macho yake makali na wepesi wake. Stanley aliandika kwamba maana yake ni mtoto wa paa. Kwa Wabemba, Kalulu ni yule sungura mjanja wa hadithi. Sifa njema zote mbili. Lakini tazama kilichofanyika: mtoto aliondolewa jina lililokuwa na neno ndugu ndani yake, akapewa jina la mnyama anayependeza kutazamwa.

Naye alitazamwa kweli. Stanley alimpeleka Ulaya na Marekani, akapigwa picha pamoja naye London akiwa ameshika bunduki ya bwana wake. Akamtia shuleni upande wa Wandsworth kwa muda wa miezi 18. Alikuwa mwepesi kujifunza kama Chuma. Lakini Chuma alikwenda Bombay na Wikatani, na bandarini walikuwapo Susi na Amoda; Kalulu alikwenda peke yake. Mwaka 1873 Stanley alitoa kitabu cha hadithi kwa watoto wa kiume kiitwacho My Kalulu. Ndani yake Kalulu wa kubuniwa ana rafiki wa damu, mtoto Mwarabu aitwaye Selim, na urafiki wao ndio hadithi yote. Kalulu wa kweli alikuwa dawatini huko Uingereza, na Selim hakuwapo.

Mwaka 1874 walirudi Afrika kwa safari kubwa ya Stanley. Mwezi wa Agosti 1876 msafara ulikuwa Ujiji, na habari za kwenda Manyema ziliwatia watu woga mkubwa. Huko nje walikuwa wakisimuliana kwamba sisi tunakula watu. Wengi walitoroka. Kisha, baada ya kuvuka ziwa Tanganyika, Kalulu naye akatoroka. Stanley alishangaa kuliko kwa mwingine yeyote. Aliandika kana kwamba miezi 18 ya shule ilikuwa deni ambalo mtoto alipaswa kulilipa. Watu wakatumwa kurudi ziwani, wakamkamata, wakamleta. Mwanzoni mwa Oktoba msafara ukapita Kabambare, ambapo watu bado walimkumbuka mzee Mzungu wa vidonda. Kisha karibu na Kasongo Stanley akakutana na Tippu Tip, habari ambayo kila mtoto wa hapa anaijua.

Ndani ya msafara ule walikuwamo vijana wengine waliobeba bunduki za Stanley, kama Majwara, ambaye alikuwa mtoto wa kumhudumia Livingstone hata siku za mwisho wake. Kalulu angeweza kupata mwenzi kati yao. Lakini nafasi yake haikuwa yao. Alikuwa mtoto wa picha, aliyesoma Ulaya, wa karibu na bwana. Na siku alipotaka kuwa kama wengine, kukimbia kama wengine waliokimbia, alirudishwa. Mwezi wa Machi 1877, kwenye maporomoko ya mto Kongo, mtumbwi wake ulivutwa na maji pamoja na wenzake waliokuwa ndani, ukapotea. Stanley aliyapa maporomoko yale jina la Kalulu.

Kuna wa tatu, ambaye hakupita hapa, lakini nitamtaja kwa ufupi. Jacob Wainwright alikuwa kijana wa Nasik aliyetumwa kwa Livingstone mwaka 1872, na katika kuandika Kiingereza aliwashinda wote. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwezi wa Mei 1873, ndiye aliyesoma sala juu ya moyo uliozikwa chini ya mti na kuchonga maandishi juu ya mti ule. Mwili ulibebwa mpaka Bagamoyo, walifika Februari 1874, Chuma na Susi wakiongoza. Lakini kwenye meli ya kwenda Uingereza alipandishwa Wainwright peke yake, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa kati ya walioshika jeneza katika kanisa la Westminster Abbey. Alisifiwa kila mahali. Aliporudi Afrika, wamisionari walimwona mwenye majivuno, kazi haikudumu mikononi mwake, akafa Urambo mwaka 1892. Majivuno? Labda. Kijana anayepigiwa makofi na umati mzima na asiye na hata mmoja wa kumwambia «wewe, acha maneno hayo» atajifunzia wapi kipimo?

Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, wakiwa wawili, kwa gharama ya James Young, rafiki wa Livingstone. Walikaa na Waller na watu wa nyumba ya Newstead Abbey, wakaeleza daftari zile ukurasa kwa ukurasa. Huko Newstead walijenga hata kibanda kama kile alichofia Livingstone, ili Waingereza waone. Kwa Waller, huyu aliyekuwa akieleza mito na majina ya wafalme alikuwa ni yule yule mtoto wa Magomero.

Baada ya hapo Chuma alifanya kazi na wamisionari wa Zanzibar, akamwongoza askofu Steere kwenda kwa Wayao mwaka 1875. Mwaka 1879 akawa kiongozi wa wapagazi katika msafara wa Keith Johnston. Johnston alikufa njiani mwezi wa Juni, na aliyebaki kushika msafara alikuwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Fikiria sasa: Mskoti asiye na uzoefu na watu 150 hivi, mbali na pwani. Sasa Chuma ndiye alikuwa Susi. Thomson alimsifu kwa lugha zake, kwa hadithi zake na kwa namna alivyowajua wapagazi mmoja mmoja, nani abembelezwe na nani agombezwe. Walifika Nyasa na Tanganyika, wakarudi pwani mwaka 1880 na msafara karibu mzima.

Mwanzoni mwa mwaka ule Thomson alitaka kufuata mto Lukuga kuelekea Kongo. Wapagazi walikataa kabisa, wakishuku kwamba wanapelekwa Manyema. Msafara uligeuka. Chuma, aliyejua mvua za Bambarre na njia ya kwenda Nyangwe, hakufika tena huku. Alifariki Zanzibar mwaka 1882, akiwa na miaka thelathini na kitu. Susi aliishi mpaka 1891. Alibatizwa mwaka 1886, na jina alilochagua lilikuwa David.